Fundi wa Saa Kumi

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wote bila kubagua dini wala kabila: ikifika saa kumi alasiri, aliacha kushona. Sisemi alianza kujiandaa kuacha. Aliacha. Sindano ilibaki katikati ya mkono wa shati, mguu ukashuka kutoka kwenye kanyagio la cherehani, na kama mteja alikuwa bado anaeleza anavyotaka mfuko wake ukae, yaliyobaki alikieleza kiti kitupu. Fundi alikuwa ameshainama nje, anafunga salfeti lake, gunia la plastiki la kubebea nguo, kwenye keria ya baiskeli.

"Fundi, mbona sijamaliza?"

"Nimekusikia nusu. Nusu nyingine njoo nayo kesho."

Barazani kwetu, pembeni ya soko la Mwanga, tulikuwa mafundi sita, na wote tuliitwa fundi. Lakini ukisema "Fundi" tu, bila kuongeza wa zipu, wa magauni au yule mrefu, ulimaanisha yeye. Jina lake sitalitaja. Kwanza mwenyewe hapendi, pili nimejaribu kuliandika kwenye karatasi hizi na kila mara limeonekana kama la mtu mwingine. Alizaliwa mwaka gani na ni wa ukoo gani sijui vizuri, na sitajifanya najua. Nilikaa kushoto kwake miaka saba. Najua alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kumwambia mteja uongo mdogo, kwa mfano kwamba nguo yake iko kwenye pasi, wakati bado ni kitambaa kilichokunjwa chini ya meza. Hilo linanitosha.

Lazima nijieleze na mimi kidogo, maana bila hivyo haitaeleweka kwa nini mtu huyu amenikaa kichwani. Ushonaji sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua. Nilinunua suruali za mitumba, nikazifumua kipande kwa kipande, nikavipanga vipande sakafuni, halafu nikazishona upya huku nikitazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mtu aliyejifunza hivyo hupata ugonjwa: haamini kitu mpaka akifumue. Napima mara nne. Nikikumbuka pindo moja nililolitilia shaka, chakula hakipiti. Niliwahi kufika barazani kabla mwenye ufunguo hajaja, nikasimama mlangoni kama mlinzi, nikisubiri kukagua mfuko wa nyuma wa suruali ya mzee mmoja. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliitaka ya kulimia. Aya hii yenyewe nimeiandika mara tano.

Fundi aliuona ugonjwa huo siku ya kwanza. Alinitazama nikipima kiuno cha mteja kwa mara ya tatu, akamwambia yule mteja, "Vumilia, baba. Huyu anajenga daraja." Tangu hapo jina langu barazani likawa Mhandisi.

Sababu ya saa kumi ilikuwa Kidahwe. Huko ndiko alikokaa na mkewe na watoto wanne, na kutoka Mwanga kwenda Kidahwe kwa baiskeli, kwa mtu wa umri wake, na mzigo nyuma na mlima wa kupanda, ni safari ya kumfanya mwenye akili atafute chumba mjini. Mafundi wenzake walifanya hivyo. Walipanga vyumba, familia wakaziacha vijijini, wakawa wanakwenda mwisho wa mwezi na sukari na sabuni. Yeye alikwenda na kurudi kila siku, kiangazi na masika. Asubuhi saa mbili kasoro ungemsikia, "Mwakeye!", anaisalimia baraza nzima kwa Kiha, kwa sauti ya mtu aliyetoka chumba cha pili tu, kisha anaingia nyuma ya mlango kubadili shati. Siku za mvua alifika amelowa mpaka soksi, lakini salfeti lilikuwa limezungushiwa nailoni tatu, kavu kabisa. Koti la mvua hakuwahi kujinunulia.

"Mimi nitakauka," alisema. "Shati la mteja likilowa linarudi kuwa kitambaa."

Watu walipanga siku zao kwa kumtazama. Ng'ambo ya njia palikuwa na mama muuza dagaa ambaye hakuwa na saa. Fundi akifunga salfeti, mama alijua jioni imefika, akaongeza dagaa kwenye kila fungu ili yaishe haraka. Siku moja Fundi aliondoka saa saba kwenda mazikoni. Mama akaongeza mafungu yote jua likiwa utosini, akauza kwa hasara, akamnunia wiki nzima.

"Ungeniambia kama umefiwa!" alimfokea.

"Ningejuaje kama mimi ndiye saa yako?"

Ndani ya lile salfeti mlikuwa na siri ambayo haikuwa siri. Fundi hakushona vifungo. Katika miaka yote saba sikumwona ameshika kifungo na sindano barazani. Mashati aliyashona mpaka mwisho, akatoboa matundu, akayapiga pasi, halafu akayapeleka Kidahwe yakiwa wazi vifuani. Kesho yake yalirudi yamefungwa. Vifungo vilishonwa nyumbani, baada ya chakula, familia nzima imekaa mkekani. Cha shingoni kilikuwa cha mkewe, na kilikaza kiasi kwamba shati lingechakaa, likawa tambara la kupigia deki, kifungo bado kimeshika. Chini yake hesabu ilianza upya, na hivyo vilikuwa vya watoto, kila mtoto na nafasi yake. Wateja wa zamani waliwajua kwa mikono. Niliwahi kumsikia mwalimu mmoja akijitazama kifuani na kusema, "Huyu wa tatu siku hizi ametulia. Mwaka jana alikuwa anaweka fundo kubwa kama punje ya mahindi."

Mimi nilidhani ni ubahili wa kazi, kuwatumikisha watoto. Nilikuwa mjinga wa mambo mengi wakati huo.

Kitu kingine kilichosafiri kwenye baiskeli ile kilikuwa migebuka. Alinunua miwili au mitatu njiani kutoka, akaining'iniza kwenye usukani. Kanuni yake ilikuwa samaki mbele, nguo nyuma. Lakini siku moja keria ilikatika waya, akabeba vyote mbele, na katika vyote hivyo mlikuwa na kanzu ya bwana harusi wa Ujiji, ambayo mke wa Fundi alikuwa aitarizi shingoni kwa mkono. Kanzu ilirudi imetariziwa vizuri mno, ikachukuliwa. Siku mbili baadaye alikuja mjomba wa bwana harusi, mzee mwenye kofia safi, akaiweka mezani bila salamu.

"Nusa," alisema.

Fundi akanusa. Akakohoa kidogo. "Hii ni harufu ya kitambaa kipya, mzee wangu."

"Kitambaa kipya kimevuliwa lini? Tumekifukizia udi mara mbili, sasa kinanuka mgebuka uliofukizwa!"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akasema kwa upole, "Mzee wangu, bwana harusi wa Ujiji akinuka ziwa, nani atasema si mwenyeji?" Yule mzee alijitahidi kukasirika, nikamwona mdomo ukimcheza, mwisho akacheka mpaka akashika ukuta. Kanzu ilifuliwa palepale kwenye beseni la mama wa dagaa, jambo ambalo sikuona kama lingesaidia, ikaanikwa, ikapigwa pasi, na harusi ikafanyika. Mimi nilikosa raha siku tatu kwa kosa ambalo halikuwa langu. Fundi alilisahau ilipofika saa kumi.

Hiyo ndiyo iliyonishinda kwake. Alikuwa fundi mzuri kuliko sisi wote, na bado aliweza kuiacha kola ikiwa nusu, akaenda zake. Nilimuuliza anawezaje. Akaiinua kola niliyokuwa nimeikazania tangu mchana, akaiweka sikioni kama simu.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo. Kola haitalia ukiiacha."

Usifikiri alikuwa mtakatifu wa familia. Jumapili hakujua pa kujiweka. Watoto wake walinisimulia kwamba akitoka kanisani alikuwa akibeba kigoda mpaka kando ya barabara ya Kasulu, anakaa, anatazama magari yanayoelekea mjini, anasema, "Yule amechelewa. Yule atakuta soko limejaa." Sisi barazani alituchosha kwa habari za nyumbani: mbuzi amezaa, wa pili ameng'oka jino, mke wangu amepika kisamvu hiki na hiki. Nyumbani, kumbe, aliwachosha kwa habari zetu. Mara ya kwanza nilipofika kwake, watoto ambao hawajawahi kuniona walijua kwamba siwezi kula kama nimeacha pindo, na kwamba fundi wa zipu anadaiwa na shemeji yake.

Aliwahi kununua pikipiki. Tulimpongeza, tukanywa soda. Baada ya mwezi akaiuza, akarudi na baiskeli ileile. Nikamuuliza imekuwaje.

"Inanifikisha mapema mno," alisema. "Nafika bado nina maneno ya wateja mdomoni. Nimemfokea mtoto kwa kosa la bwana mmoja aliyekataa suruali. Kwa baiskeli, kufika kule mlimani nimeshawasamehe wote, sina hata pumzi ya kugomba."

Siku moja nilimpigia hesabu. Mimi napenda hesabu. Nilichukua saa anazokaa barabarani kwa siku, nikazidisha kwa wiki, kwa mwaka, kwa miaka yote, nikamwonyesha kwamba miaka mizima ya maisha yake ameimaliza juu ya tandiko la baiskeli. Nilidhani atashtuka. Aliitazama karatasi, akasema, "Umezidisha vizuri. Sasa nipigie na hii: wewe maisha yako umefumua saa ngapi?" Fundi wa magauni alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Ndiyo tumefika kwenye kufumua. Hili nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu linaniaibisha.

Palikuwa na mashati kumi na mawili ya kwaya. Yalikuwa yamerudi kutoka Kidahwe asubuhi, yamefungwa vifungo, yamekunjwa mezani yakisubiri mwenyewe. Fundi alikwenda kula. Mimi nilibaki, na jicho langu likaanguka kwenye kifungo cha nne. Kilikuwa chini ya mstari kwa upana wa nyuzi mbili. Nikafungua shati la pili: cha nne, chini. La tatu: chini, na kimeinamia kushoto. Mashati yote kumi na mawili. Nasema kweli, nilihisi joto kichwani. Nilichukua wembe, nikafumua vifungo vya nne vyote, nikapima kwa rula, nikavishona upya. Fundi aliporudi nilikuwa nimemaliza, nimeyakunja, najisikia mtu mwema.

Alifunua shati la juu. Akalitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Umefumua?"

"Ndiyo, Fundi. Vilikuwa vimepinda."

"Vilikuwa vya kitindamimba. Ndiyo mashati yake ya kwanza."

Akaendelea, bila hasira, na heri angekuwa na hasira: "Kwaya ni ya kanisa letu, kulekule. Ameniuliza mara tatu watayavaa lini. Jumapili atakaa benchi la mbele kuvitazama vifungo vyake."

Saa kumi ilipofika alilifunga salfeti lenye mashati yote kumi na mawili. Kisha akaniambia, "Mhandisi, azima baiskeli. Unakwenda kumwambia mwenyewe."

Nilipanda ule mlima nyuma yake kwa mara ya kwanza maishani, na sitasema nilisukuma baiskeli sehemu gani. Kitindamimba alikuwa na miaka saba. Alisikiliza msamaha wangu akiwa amekunja mikono, akauliza, "Kaka, kwani vilikuwa vinafungika?"

"Vilikuwa vinafungika."

"Sasa?"

Niliwekwa mkekani, nikapewa sindano, na jioni ile nilimtilia uzi binti wa miaka saba mara kumi na mbili, akishona vifungo vya nne chini ya mstari, kushoto kidogo, kama alivyopenda. Katikati ya kazi alipita jirani, msichana, amekuja kuomba chumvi. Akauliza, "Huyu ndiye anayefumua?" Wote wakacheka. Nikajichoma. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilimuoa yule mwomba chumvi.

Ndivyo Kidahwe ilivyokuja kuwa kwetu. Mke wangu alipata kipande cha shamba karibu na mama yake, tukajenga vyumba viwili, binti yetu Tumaini akazaliwa. Na mimi, pamoja na yote niliyoyaona kwa Fundi, nilifanya kama wale wengine. Nilibaki na chumba changu Mwanga. Nilikwenda Jumamosi, nikarudi Jumatatu. Nilijiambia ni kwa muda, mpaka kazi itulie, lakini kazi ya mtu kama mimi haitulii. Hakukuwa na mtu wa kuniambia basi. Nilishona, nikafumua, nikashona, macho yakawa mekundu kama ya mvuvi wa dagaa.

Wakati huohuo goti la Fundi likagoma. Alijaribu kulifunga bendeji, alijaribu kuliombea, mwisho akakaa nyumbani. Kiti chake barazani nikahamia mimi. Mama wa dagaa akanunua saa.

Mwaka huu Tumaini anatakiwa kuandikishwa darasa la awali, na hapo mambo ambayo mtu anaweza kuyaahirisha miaka yakadai jibu kabla ya uandikishaji kufungwa. Aandikwe Mwanga, tuhamie wote kwenye chumba kimoja cha mjini? Au aandikwe Kidahwe, na mimi nianze kupanda mlima kila siku? Au tuendelee hivihivi, mtoto aanze shule na baba wa Jumamosi? Nilinunua daftari. Nilipiga mstari katikati, upande huu Mwanga, upande huu Kidahwe. Niliandika shule, maji, zahanati, hewa, kodi, mvua, mama mkwe. Mama mkwe nilimweka pande zote mbili. Miezi mitatu niliandika na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye "hewa".

Jumamosi moja nikalichukua daftari mpaka kwa Fundi. Kusema kweli nilitaka aamue yeye. Nilijua jibu atakalonipa, nilitaka tu nimsikie akilisema, ili likiharibika lisiwe langu.

Nilimkuta kando ya barabara kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Mkewe alikuwa hatua chache nyuma yake, anamenya muhogo.

"Shikamoo, Fundi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mhandisi! Mwanga wanasemaje? Zipu amemlipa shemeji yake? Yule mama bado ananinunia?"

Nilimpa habari zote, maana bila hizo nisingesikilizwa. Kisha nikafungua daftari. Akavaa miwani, akalisoma kwa kidole, kama mtu anayekagua mshono.

"Hapa kwa Kidahwe umeandika hewa nzuri."

"Ndiyo, Fundi."

"Na moshi wa tanuri la matofali la jirani umeuweka wapi?"

Nikatoa kalamu, nikaandika moshi. Mkewe akacheka peke yake.

"Wewe ulichaguaje, Fundi?" nikamuuliza.

Alijiweka sawa kwenye kigoda. Nadhani alikuwa amelisubiri swali hilo miaka mingi. "Mimi haikuwa kazi kubwa. Nilisema, mke wangu ni mtu wa shamba. Nikimpeleka mjini, kwenye chumba kimoja, atanyauka. Basi nikaona heri ninyauke mimi, barabarani."

Kisu kilisimama nyuma yetu.

"Nani alikwambia nitanyauka?"

Fundi akageuka. "Ee?"

"Nauliza. Nani alikwambia? Mimi nilitaka Mwanga. Nilitaka bomba la maji karibu na mlango. Nilitaka kuuza mawese sokoni mwenyewe, siyo kumpa mchuuzi wa hapa anayenipangia bei. Hata mahali nilishapachagua, pale pembeni ya mama wa dagaa."

"Hujawahi kusema!"

"Hujawahi kuuliza. Ulikuwa unaingia saa kumi na mbili na samaki na habari za watu. Ukishakula unamwaga vifungo mkekani. Ningesema saa ngapi?"

Gari lilipita kuelekea mjini na Fundi hakulitazama. Akakohoa kidogo, kile kikohozi ninachokijua.

"Nilikuwa nitakuuliza," alisema.

"Ego, ndiyo," alijibu mkewe kwa Kiha, akatupa ganda la muhogo kwa kuku. Kisha sauti ikashuka. "Sisemi nilikaa vibaya. Watoto walimjua baba yao mpaka kikohozi chake. Wako wanawake hapa waume zao wakija mbwa anabweka. Hilo nalishukuru. Nasema tu sikuulizwa."

Nilitamani kuondoka na nilitamani kubaki. Mtu niliyemfanya kipimo cha kila kitu alikuwa amekaa mbele yangu anapapasa goti kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Na kilichoniuma zaidi hakikuwa chake. Nililitazama daftari langu, kurasa kumi na moja, safu mbili mbili zilizopigwa rula, na hakuna mahali popote nilipoandika anavyotaka mke wangu. Niliandika mama mkwe pande zote mbili. Mke wangu sikumweka hata upande mmoja.

Fundi alilifunga daftari, akanirudishia. Alikuwa amepata pumzi, na jicho la utani likamrudia, ingawa si lote.

"Mhandisi, umepima kitambaa vizuri sana. Mwenye nguo ulimpima?"

"Hapana, Fundi."

"Basi tumekosea kazi moja, mimi na wewe. Nenda, wewe bado una magoti."

Nilipoondoka nilimsikia nyuma yangu akimuuliza mkewe, taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya, "Pembeni ya mama wa dagaa upande gani? Wa juu au wa chini?" Sikusikia jibu. Nilisikia kicheko.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachambua maharage ya mbegu, Tumaini anamsaidia kwa kuyachanganya upya. Nilikaa chini nikiwa bado na daftari kwapani.

"Mama Tumaini, wewe unataka tukae wapi?"

Hakuinua macho. "Unaniuliza au unaniambia?"

"Nauliza."

Akasimamisha mikono. Alinitazama kama mtu anayetazama noti iliyokunjwa, kuona kama ni halali. "Wewe umefikiri miezi mitatu," alisema. "Mimi nipe mpaka Jumatatu."

Ile Jumapili ilikuwa ndefu. Kanisani nilimtazama, akawa anaimba. Mchana nilimtazama, akazungumzia kuku. Mara mbili nilifungua mdomo kumkumbusha, mara mbili nikaufunga, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ni kazi ya kutosha kwa siku moja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshaitoa baiskeli nje. Akaja akashika tandiko.

"Tumaini aandikwe hapa," alisema. "Na wewe uwe unarudi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Si kwa ajili ya hewa, achana na hewa. Wewe ukikaa Mwanga hakuna anayekwambia basi. Utashona mpaka upofuke, halafu ufumue. Ukiwa na mlima wa kupanda, utaiacha kazi hata kama haijanyooka."

Nilitaka kubisha. Akaniwahi.

"Na vifungo usiniletee," aliendelea. "Mimi si mke wa Fundi, nina maharage yangu. Halafu kila shule zikifungwa, uniulize tena. Huenda mwakani nikataka Mwanga."

"Kwa hiyo siyo uamuzi wa moja kwa moja?"

"Baba Tumaini," alisema, akaliachia tandiko, "panda baiskeli, unachelewa."

Siku ile nilishona vibaya kwa furaha au kwa woga, sikuweza kutofautisha. Alasiri alikuja bwana mmoja na shati lake la sherehe, nikaivamia kola, maana ilikuwa imeinuka kushoto kwa upana wa uzi mmoja, labda nusu. Niliifumua mara moja. Nilikuwa na wembe mkononi kwa mara ya pili, na bwana anaeleza jambo kuhusu mfuko, nilipomwona mama wa dagaa ng'ambo ya njia anaongeza mafungu. Alikuwa anaitazama saa yake, kisha ananitazama mimi, kisha saa.

Niliuweka wembe chini. Nikaliweka lile shati sikioni, yule bwana akinishangaa, nikasikiliza.

"Fundi, vipi? Na hii kola?"

"Kesho," nilisema, nikatoka kufungua baiskeli. Ilikuwa saa kumi na dakika tatu. Nilikuwa nimeshachelewa.